WAJUE WANAZUONI WETU: Ibn al-Haytham na Elimu ya Nuru



Kila mwaka mwezi wa Ramadhan ukikaribia, tunatoka nje jioni kuutafuta mwezi mwandamo. Wengine wako juu ya paa, wengine ufuoni, wengine wamesimama tu barabarani wanaelekeza vidole magharibi. Mmoja anasema ameuona, mwingine anakaza macho na haoni kitu. Sasa hebu nikuulize: wewe ukiuona ule mwezi, ni kitu gani hasa kinatendeka? Je, jicho lako linatoa kitu ambacho kinakwenda mpaka mbinguni kuugusa mwezi, au mwezi ndio unaoleta kitu mpaka kwenye jicho lako?

Usicheke. Hili swali lilibishaniwa na watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Euclid na Ptolemy, ambao ndio walikuwa mabingwa wa hesabu wa Kigiriki, walishikilia kwamba macho yetu yanatoa miali. Wengine, wafuasi wa Aristotle, walisema hapana, umbo la kitu ndilo linalokuja machoni. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na hakuna aliyeweza kuumaliza ubishi.

Aliyeumaliza ni mtoto wa Basra. Huyo ndiye tunayetaka kumjua leo. Lakini kabla hatujaanza, nakuomba kitu kimoja. Kuna jumbe nyingi zinazunguka kwenye simu zetu zikisema ati huyu mtu alivumbua kamera, alivumbua miwani, alivumbua kila kitu, na wazungu wakatuibia. Weka hayo kando kwanza. Maisha yake ni makubwa yenyewe bila kuongezwa chumvi, na utaona mbele kwamba yeye mwenyewe asingefurahishwa na mtu wa kumwongezea.

KUZALIWA NA KUSOMA

Jina lake kamili ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka wa 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wazungu walimfupisha wakamwita Alhacen au Alhazen, yaani walishika lile jina lake la al-Hasan wakalitamka walivyoweza.

Basra ya wakati ule ilikuwa mji wa bandari wenye vyombo, biashara na vitabu. Vitabu vya Wagiriki vilikuwa vimeshatafsiriwa kwa Kiarabu kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, kwa hivyo kijana mwenye hamu alikuwa na cha kusoma. Ibn al-Haytham alisoma hesabu, jiometria, elimu ya nyota na falsafa. Katika maandishi yake ameeleza kwamba tangu ujana alishangazwa na jinsi watu wa makundi mbalimbali wanavyoamini mambo tofauti, na kila kundi limejiona ndilo lenye haki. Akaona kwamba haki lazima iwe moja, na tofauti ziko katika njia za kuifikia. Basi akaamua maisha yake yote ni kuitafuta hiyo haki kwa njia ambayo mtu anaweza kuipima.

Ndugu yangu, huo ni uamuzi mkubwa kwa kijana. Wengi wetu katika umri ule tunatafuta timu ya kushabikia.

MTO NILE

Jina lake lilipoanza kusikika, alikuwa mtu wa hesabu ambazo zina kazi: kupima, kujenga, kuongoza maji. Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarehe aliyefariki 1248, anasimulia kwamba Ibn al-Haytham aliwahi kusema kuwa lau angekuwa Misri, angeufanyia Mto Nile kazi ambayo ingeleta faida mwaka mzima, maji yawe mengi au machache.

Wewe unajua vile Nile ilivyokuwa kwa Wamisri. Mwaka mmoja mto unafurika na kuharibu, mwaka mwingine maji hayatoshi na njaa inaingia. Baadhi ya maji yale yanatoka huku kwetu: mito ya Nzoia na Yala inaingia Ziwa Victoria, na ziwani ndiko Nile Nyeupe inakotoka. Lakini furiko lenyewe la kila mwaka lilitokana zaidi na mvua za milima ya Ethiopia. Kwa Mmisri, mtu anayedai anaweza kuutawala mto huo alikuwa anagusa uhai wa nchi nzima.

Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu 996. Al-Hakim alishika utawala akiwa mtoto wa miaka 11. Alipenda elimu, lakini pia alijulikana kwa hasira na mambo yasiyotabirika. Mawaziri na wakubwa kadhaa wa serikali waliuawa kwa amri yake. Akamwita Ibn al-Haytham. Inasimuliwa kwamba alitoka mwenyewe nje ya Cairo kumlaki, akampa heshima, mali na mafundi, kisha akamwambia aende akafanye aliyoyasema.

Basi msafara ukapanda na mto kuelekea kusini. Na huko njiani, Ibn al-Haytham alianza kuyaona majengo ya Wamisri wa kale: mahekalu na mawe yaliyochongwa kwa vipimo vya ajabu. Akajiuliza swali ambalo lilimkata miguu. Watu waliojenga haya walikuwa na hesabu, walikuwa na nguvu, na mto ulikuwa ni huu huu. Kama jambo hili lingewezekana, kwa nini wao hawakulifanya? Alipofika al-Janadil, karibu na Aswan, mahali ambapo mto unapita kwenye mawe, akaangalia, akapima, akaona mpango wake hautafaa.

Fikiria hali hiyo. Umejisifu. Khalifa amekuamini. Pesa zimetumika. Na huyo khalifa ni mtu ambaye watu wanauawa kwa makosa madogo kuliko hayo. Ungefanya nini? Wengi wangejenga chochote, wakapokea mshahara miaka kumi, halafu wakalaumu mafundi. Ibn al-Haytham alirudi Cairo akakiri kwamba amekosea.

Wajua, karibu na Aswan ndipo lilipojengwa bwawa kubwa kati ya 1960 na 1970. Wazo halikuwa la upuuzi. Vifaa ndivyo havikuwepo.

KICHAA CHA KUJITAKIA

Al-Hakim alipokea udhuru wake na kumpa kazi ya ofisini, katika diwani ya serikali. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho ya watu, lakini Ibn al-Haytham aliishi na hofu. Alijua kwamba rehema ya leo inaweza kuwa upanga kesho. Hakuweza kuikataa kazi, maana kukataa ni kumkosea khalifa, na kutoroka pia haikuwa rahisi.

Basi akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikachukuliwa ikawekwa chini ya uangalizi, na yeye akafungiwa nyumbani kwake. Akakaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka. Usiku mmoja wa 1021 (mwaka wa 411 Hijria) khalifa alitoka kwenda kwenye vilima vya Muqattam na hakurudi tena. Inasimuliwa kwamba muda mfupi baada ya hapo Ibn al-Haytham akawa mzima tena.

Kuna watakaomlaumu kwamba alidanganya. Sisi tuliokaa kwa amani tukinywa uji wa futari ni rahisi kumhukumu mtu aliyekuwa akisikia hatua za askari mlangoni. Mimi nitasema hili tu: alikubali kuitwa kichaa mbele ya watu, na kwa mtu wa elimu hiyo si bei ndogo. Sifa ndiyo mali yake ya kwanza, na yeye aliitupa ili abaki na uhai na akili yake.

Watu wengi hupenda kusema kwamba kitabu chake kikubwa alikiandika ndani ya kifungo hicho. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya hilo. Wapo wanaoona kilikamilika baadaye. Tulichonacho kwa yakini ni kitabu chenyewe.

KUISHI KWA KALAMU

Baada ya kuwa huru hakurudi kwa wakubwa. Alikaa katika chumba karibu na msikiti wa al-Azhar, akifundisha na kuandika. Riziki yake ilitoka kwenye mkono wake. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu, yaani kitabu cha jiometria cha Euclid, kile cha nyota cha Ptolemy, na vile vya katikati ambavyo mwanafunzi husoma kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Aliviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo ndizo alizolia mwaka mzima.

Hebu piga picha. Mtu ambaye jina lake lingekuja kusomwa dunia nzima anakaa chini ananakili kitabu cha mtu mwingine, mstari kwa mstari, ili apate unga. Saa zinazobaki ndizo anazofanyia utafiti wake. Sisi tukikosa kazi ya ofisi yenye kiyoyozi tunasema elimu haina faida.

CHUMBA CHENYE GIZA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Kitabu chake kinaitwa Kitab al-Manazir, na kina majuzuu saba. Humo alilichukua lile swali la jicho na akalijibu kwa kufanya, si kwa kubishana.

Kwanza alisema: tazama mtu akikodolea macho jua. Jicho linauma. Na mtu akitazama kitu chenye mwanga mkali kisha akaingia gizani, bado anakiona kile kitu kwa muda. Kumbe nuru ndiyo inayolitenda jicho. Kisha akauliza: tukifungua macho tunaziona nyota papo hapo; je, jicho dogo namna hii limetoa miali iliyojaza mbingu yote kwa kupepesa tu? Hapana. Nuru inatoka kwenye jua, taa au moto, inagonga vitu, na kutoka kila nukta ya kitu inatawanyika kila upande kwa mistari iliyonyooka. Ile inayoingia machoni ndiyo tunayoonea. Kwa hivyo ukiuona mwezi mwandamo, nuru ya jua imegonga mwezi na ikasafiri mpaka kwako. Yeye mwenyewe aliandika risala nzima kuhusu nuru ya mwezi.

Halafu akafanya jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani usiku wa leo baada ya taraweh. Chukua chumba chenye giza, chenye tundu dogo upande mmoja. Nje ya tundu weka taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, ukutani, utaona madoa ya mwanga kwa idadi ya taa zile. Ziba taa moja, doa moja linapotea. Fungua, linarudi. Ukinyoosha mstari kutoka kwenye doa mpaka tunduni, unaelekea moja kwa moja kwenye taa yake. Yaani nuru zote zimepita katika tundu moja na hazikuchanganyika, na kila moja ilinyooka njia yake.

Aliandika pia risala kuhusu umbo la jua wakati wa kupatwa. Jua likipatwa kidogo, mwanga wake ukipita katika tundu dogo la mviringo, ukutani hutokea umbo la mwezi mchanga. Tundu likiwa pana, umbo hilo hupotea na mwanga unakuwa wa mviringo. Akaeleza kwa jiometria kwa nini inakuwa hivyo. Wale waliokuwepo tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa na kufunikwa kabisa kule Turkana, huenda waliona chini ya miti vijimwezi vingi vimetapakaa mchangani. Nafasi ndogo baina ya majani ndizo zilizokuwa matundu.

Jambo jingine alilosema, na hili likumbuke maana tutalirudia: nuru inasafiri. Ina mwendo wa kasi mno lakini inachukua muda, na ikiingia katika kitu kizito kama maji au kioo, mwendo wake unapungua.

ALIPOISHIA YEYE, WENGINE WAKAENDELEA

Sasa ndugu msomaji, hapa ndipo penye mtihani wa uaminifu wetu. Ibn al-Haytham alisema nuru hunyooka. Je, hunyooka kila mara? La. Kuna mahali hainyooki, na yeye hakupaona.

Mwaka wa 1665 huko Bologna, Italia, kilichapishwa kitabu cha padri aliyeitwa Francesco Maria Grimaldi, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Yeye pia alitumia chumba cha giza na tundu dogo, lakini tundu lake lilikuwa dogo sana. Akaweka kitu chembamba katika mwali wa jua na akapima kivuli chake kwa makini. Kivuli hakikulingana na hesabu ya mistari iliyonyooka, na pembezoni kulikuwa na mistari ya rangi. Nuru ilikuwa imepinda kidogo na kusambaa ilipopita kwenye ukingo. Grimaldi akaliita jambo hilo difraksheni, na jina hilo linatumika mpaka leo. Kwenye miaka ya 1801 hadi 1803, Mwingereza Thomas Young alionyesha sababu: nuru inakwenda kama mawimbi, na mawimbi mawili yakikutana yanaweza kuongezeana nguvu au kuuana.

Kama hujafahamu, kumbuka gari limekwama kwenye matope na watu wamelishika nyuma. Wakisukuma pamoja, hoi, hoi, gari linatoka. Lakini huyu akisukuma wakati yule anavuta, gari halisongi. Mawimbi ya nuru ni vivyo hivyo. Yakifika kwa pamoja kuna mwanga, yakifika kwa kupishana kuna giza.

Mwaka wa 1821 Mjerumani Joseph von Fraunhofer alipanga nyaya nyembamba sambamba, nyingi, akapitisha nuru katikati yake. Nuru ikagawanyika: mwali mmoja ukaenda mbele, na mingine ikatoka pembeni kulia na kushoto ikiwa na rangi zote. Kifaa hicho chenye mistari mingi iliyopangwa sawasawa kinaitwa gretingi.

Wewe una gretingi nyumbani. Ni ile CD ya mawaidha. Mistari yake imezunguka kwa kuachana 1.6 ya elfu ya milimita, kwa hivyo katika kila milimita kuna mizunguko kama 625. Ndiyo sababu ukiigeuza kwenye mwanga inatoa rangi za upinde wa mvua. Plastiki yenyewe haina rangi hata moja.

Jaribu hivi. Tafuta CD ya kurekodia iliyoharibika. Kwaruza kidogo upande wa juu, bandika gundi ya karatasi, ivute, na ile ngozi ya fedha itabanduka. Utabaki na plastiki inayoonyesha upande wa pili. Itazame taa ya mbali kupitia hapo (usitazame jua kabisa, utaharibu macho yako!). Utaiona taa mahali pake, na pembeni yake utaona rangi. Buluu iko karibu na taa, imepinda kama digrii 16, na nyekundu iko mbali zaidi, kama digrii 24.

Sasa jiulize: ile plastiki ni safi, haizuii nuru mahali popote. Haina nyaya kama zile za Fraunhofer. Kwa nini basi inaigawanya nuru? Jibu ni kwamba ina vijifereji. Mahali penye fereji plastiki ni nyembamba kidogo, na pasipo fereji ni nene kidogo. Nuru inayopita penye unene inacheleweshwa, kwa sababu ndani ya plastiki mwendo wake unapungua. Inatoka nyuma ya mwenzake kwa sehemu ya wimbi. Huko kucheleweshana peke yake kunatosha kuyapanga upya mawimbi, na nuru ikaelekea pembeni. Gretingi ya namna hii inaitwa gretingi ya feizi. Na fereji zikiwa na upana sawa na nafasi zake, na kina cha kuchelewesha nusu wimbi barabara, basi kwa rangi ile mwali wa katikati unazimika kabisa na nuru yote inakwenda pembeni. Hakuna nuru iliyopotea, ila imeelekezwa tu. Ndiyo maana gretingi za namna hii hutumika katika darubini kubwa za kuchambua nuru ya nyota. Hata katika nyaya za nuru zilizofika Mombasa chini ya bahari tangu 2009, uzi mmoja hubeba rangi nyingi za nuru, na mojawapo ya njia za kuzitenganisha ni gretingi.

Umeona? Nuru inachelewa ndani ya kitu kizito: hilo alilisema mtu wa Basra miaka elfu moja iliyopita. Kwamba nuru ni mawimbi, hilo hakulijua. Tukisema alijua yote tutakuwa tumemsingizia. Tukisema hakuchangia kitu tutakuwa tumemdhulumu. Msingi uliwekwa na yeye, kuta zikajengwa na wengine, na nyumba bado haijaisha.

ALIYEWATILIA SHAKA WAKUBWA

Kuna kitabu chake kingine kinachoitwa al-Shukuk ala Batlamyus, yaani shaka juu ya Ptolemy. Huyu Ptolemy ndiye yule ambaye alikuwa akikinakili kitabu chake kila mwaka kwa ajili ya riziki. Alimheshimu, akala kwa jina lake, lakini akaandika makosa yake moja baada ya moja. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba mtafuta haki si yule anayesoma vitabu vya wakale na kuwaamini tu kwa sababu ni wakubwa. Mtafuta haki ni yule anayewahoji, anayeshika hoja na dalili, na ambaye hata nafsi yake anaishuku ili isimpendelee mtu wala kumwonea.

Sasa unajua kwa nini nilisema asingefurahia jumbe za kumwongezea. Mtu aliyesema tumshuku hata yeye, sisi tunamlipa kwa kumpamba na uongo?

BAADA YAKE

Ibn al-Haytham alifariki Cairo yapata 1040 Miladia. Mwandishi Ibn Abi Usaybi'a aliorodhesha kazi zake zaidi ya 90, na zaidi ya 50 zimebaki. Miongoni mwake mna risala za kutafuta upande wa kibla kwa hesabu.

Kwa muda kitabu chake cha nuru hakikusomwa sana Mashariki. Baadaye Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu 1319, akakifufua kwa kukiandikia sherehe. Akatumia duara la kioo lililojazwa maji kama mfano wa tone la mvua, akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea. Upande wa Ulaya, Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini, na mwaka wa 1572 kikachapishwa Basel. Roger Bacon alikisoma. Kepler naye alijenga juu ya elimu hiyo alipoandika kuhusu jicho mwaka wa 1604. Iraq ilimweka kwenye noti yake ya dinari 10,000 mwaka wa 2003, na mwaka wa 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Nuru, dunia ilikumbuka miaka elfu moja ya kitabu chake. Hata huko mwezini kuna shimo lenye jina la Alhazen. Kwa hivyo ule mwezi unaoutafuta jioni, jina lake liko juu yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kukiri kosa hakumshushi mtu. Kama angeendelea kudanganya kuhusu Nile, leo tusingemjua.

Pili, elimu haingoji pesa. Dinari 150 na chumba kimoja vilitosha. Wewe una tundu la mlango, taa mbili, na CD mbovu. Anza na hivyo.

Tatu, tuache kuridhika na sifa za mababu. Ni aibu kijana kujivunia Ibn al-Haytham huku somo la fizikia analikimbia, eti ni gumu. Dada yangu, ndugu yangu, ukiwa unachagua masomo, usiogope lile la nuru na mawimbi. Lilianzia kwa watu kama wewe.

Nne, ukisikia habari, hata ikiwa inatupendeza sisi, ipime kwanza kabla hujaisambaza. Huo ndio urithi wake mkubwa kuliko hata kile kitabu.

Basi kesho jioni ukingoja adhana ya Maghrib, angalia mwanga wa mwisho wa jua unavyoingia kupitia tundu la dirisha ukagonga ukuta. Mtu mmoja alikaa peke yake chumbani Cairo akautazama kama wewe, akauliza unatoka wapi na unakwenda vipi. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi pia tuwe watu wa kuuliza na kupima.

Ramadhan Kareem. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.